Jina la Nne Kwenye Jiwe

Baba,

Shikamoo.

Nimekaa kidogo kabla ya kuendelea, nikusubiri, maana nakujua. Shikamoo ya mtu ulikuwa unaipima kwanza, unakohoa, unahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda mkono ule, ndipo unaitikia. Wanangu walikuwa wameshatoka nje marahaba ikawafuata mlangoni. Haya. Nimesubiri. Naendelea.

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la darasa la nne, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mfukoni. Usishangae barua yote ikionekana kama kosa. Sehemu kubwa ni kosa, utaona.

Mama hajambo. Goti ni lile lile. Siku hizi analala upande wako wa kitanda, anasema upande wake una bonde, nami nanyamaza, ingawa godoro lile ni mabonde matupu. Mbuzi wako mwenye sikio moja amezaa mapacha, wote wana masikio kamili. Dirisha la chumbani kwenu nimelibadilishia bawaba mwenyewe. Limekaa sawa siku tatu. Siku ya nne limeinama tena kama mlevi, Mama akasema, "Baba yako aliliacha hivyo kwa makusudi, wewe unajifanya fundi."

Na Julai hii nimelipaka jiwe chokaa peke yangu.

Nitakusimulia mambo unayoyajua, univumilie. Nataka wajukuu zako wakiikuta barua hii waelewe, maana wao wanakukumbuka ukiwa mzee wa kiti cha barazani, hawajui kwamba ulishawahi kufa.

Jiwe lenyewe si jiwe. Ni nguzo ya saruji inayomfikia mtu kifuani, imesimama kati ya kanisa letu la kigango na ile mikaratusi, na fundi aliyeijenga baada ya vita vya Uganda aliandika majina kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Msumari ulikuwa mnene na nafasi ndogo, ndiyo maana yakaingia majina ya kwanza tu. Saba. Alfonsi, Matayo, Pius, Zakaria, Petro, Yohana, Ludoviki. Vijana saba wa kilima hiki walioenda na hawakurudi.

Halafu wa nne akarudi.

Habari ya kufa kwako ililetwa na mtu wa Kasulo mliyekuwa naye. Aliona kwa macho yake lori ulilopanda likipigwa bomu, hakutoka mtu. Asichokijua ni kwamba dakika chache kabla ulikuwa umeruka chini na kukimbilia vichakani kwa sababu ya tumbo. Maisha yako yote ulitusimulia hilo, huku Mama akikukanyaga mguu chini ya meza: "Mimi niliokolewa na maharage yasiyoiva." Kipande cha bomu kilikufuata huko huko vichakani kikakuvunja paja, ukalazwa hospitali hii, ukahamishiwa ile, mwaka ukapita na zaidi. Barua ya kutujulisha kuwa u hai, aliyokuandikia mwenzako wodini, ilifika kijijini wiki mbili baada yako wewe. Ukaipokea mwenyewe, ukaomba usomewe, ukasema ina habari njema.

Lakini sisi tulikuwa tumeshakuzika. Kwetu, mtu aliyefia mbali na mwili usionekane, anazikiwa mgomba. Unakatwa mgomba, unaviringishwa kwenye shuka yake, unalazwa kaburini kama mtu, watu wanalia, mjane ananyolewa, basi, marehemu ametulia. Na mgomba huo lazima ukatwe juu, usiwe na mizizi, kwa sababu aliyezikwa hatakiwi kuchipua. Kazi ya kuukata alipewa Baba mdogo Laurenti, ndugu yako wa mwisho. Naye alikuwa analia, haoni mbele, akaung'oa wote, na shina lake la chini, na mizizi, na udongo. Wazee nao walikuwa wanalia, hakuna aliyetazama. Ukazikwa na mizizi yako, Baba.

Mvua zilipokuja, ukachipua.

Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wazee wamesimama nyuma ya nyumba wakiangalia lile jani la kijani linatoka kaburini, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Walitaka liondolewe. Bibi, mama yako, alijitandaza pale chini na kanga yake. "Mwacheni mwanangu aote." Wakamwona amechanganyikiwa. Siku uliyotokea barabarani na fimbo yako na mguu wako mpya wa kuburuta, mkungu ulikuwa umeshainama. Wewe ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyekula ndizi za kaburi lake mwenyewe. Tena ulilalamika kwamba chumvi haikukolea.

Wazee wakasema aliyezikwa hapiti mlangoni. Wakatoboa ukuta wa chumbani, ukaingizwa kwa tundu, kichwa kwanza. Baadaye Mama akaliwekea tundu lile dirisha. Ndilo hilo lisilokaa sawa.

Na jiwe? Padri wa wakati ule alikuja na kijiko cha saruji azibe jina lako, akiomba radhi kwa niaba ya fundi. Ukamzuia mkono. Ulisema maneno niliyoyasikia mara nyingi baadaye, kila ulipochokozwa: "Padri, ukinifuta hapo nitakuwa nimewakimbia wenzangu." Jina likabaki. Tangu siku hiyo ukawa mwangalizi wa jiwe, bila kuombwa na mtu. Chokaa kila Julai, kufyeka majani, kufukuza mbuzi wa katekista. Na siku ya mashujaa, yakisomwa majina baada ya misa, watu wameinamisha vichwa, Alfonsi, kimya, Matayo, kimya, Pius, kimya, Zakaria,

"Nipo!"

Kwa sauti ya paredi. Watoto walikuwa wanaisubiri mwaka mzima. Padri mgeni mmoja alidondosha kitabu. Watu wanacheka, wanafuta macho, kisha anasomwa Petro, na kimya kinarudi, kinakuwa kizito kuliko kile cha kwanza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kilikuwa kizito. Mimi mwalimu, mwenye vyeti.

Mke wa huyo Petro ni Mama Skolastika, unajua alivyokuwa anasimama mbele kabisa na mwavuli wake mweusi, mvua isiwepo, jua lisiwepo. Yeye peke yake katika wajane sita alikataa kumzikia mumewe mgomba. Wazee walimfuata miaka na miaka. Akawa na jibu moja: "Zakaria mlimzika, akarudi. Mimi sizikii mtu mgomba." Alikuja kukuuliza, ukamwambia kweli, kwamba ulitenganishwa na Petro kabla ya lile lori, hukumwona akianguka. Hukumwongezea tumaini, hukumpunguzia.

Sasa nafika pale ninapopakwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Mwaka jana tuliambiwa kwamba safari hii siku ya mashujaa kigangoni kwetu itakuwa na mgeni rasmi kutoka wilayani. Mimi katibu wa kamati, na msomaji wa majina kila mwaka. Unajua ninavyokuwa nikipewa cheo hata kidogo: nilinunua soksi. Nikaandika ratiba, nikaipanga kwa dakika. Jioni ile ya kupaka chokaa, wewe umeinama upande wa majina, mimi nashika ndoo, nikasema, "Baba, kesho nikisoma, naomba usijibu."

Brashi ikasimama. "Nisijibu?"

"Kuna mgeni, Baba. Watatuona watu wa mchezo."

Ukaendelea kupaka. Ukapaka jina la Petro, la Yohana, ukafika Ludoviki. Ndipo ukasema, "Haya, mwalimu."

Wewe uliniita Deo. Mwalimu uliniita nilipokuudhi tu.

Kesho yake nikasoma. Zakaria. Nikasikia watoto wanavuta pumzi tayari kucheka. Ulikuwa umesimama kwenye nafasi yako, koti limefungwa hadi juu, na mdomo ukafunguka kidogo. Ukanitazama. Ukaufunga. Mgeni rasmi akainamisha kichwa kwa ajili yako kama alivyowainamishia wengine, kwa heshima kabisa, hatua kumi kutoka uliposimama. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule mzee mwenye fimbo, ni ndugu wa marehemu yupi?"

"Wa nne, mheshimiwa," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Hakuna jogoo aliyewika, ilikuwa saa tano asubuhi.

Hukunilaumu. Tulirudi nyumbani ukala vizuri, ukasifu soksi. Wiki chache baadaye Mama Skolastika akashangaza kilima kizima: akamwita Baba mdogo Laurenti amkatie mgomba. Petro akazikwa, baada ya miaka yote ile. Tulikwenda wote. Watu wakasema umri umemfundisha, nami nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele yako, Mungu anisamehe. Tuliporudi ulipita moja kwa moja nyuma ya nyumba ukakaa kwenye migomba yako hadi Mama akakuita ule. Ulijua, Baba? Nadhani ulijua. Ungesema neno moja tu ningekufa kwa aibu, nawe hukutaka nikutangulie.

Mvua za Novemba zikaja na kifua chako. Nikitoka shuleni nachungulia chumbani, nasema, "Baba?" Nawe unainua kiganja kutoka kwenye blanketi, sauti hakuna. Mara tatu nilikaa kitandani nikiwa na maneno yangu tayari. Mara ya kwanza kulikuwa na wageni. Mara ya pili ulikuwa umesinzia, au nilitaka uwe umesinzia. Mara ya tatu nikajiambia, Jumamosi, Jumamosi sina vipindi, nitakaa naye vizuri nimwombe msamaha kama mtu mzima.

Ulikufa Alhamisi.

Tulikuzika pale pale nyuma ya nyumba. Kaburi lako lilikuwa limeshakuwa msitu, mgomba ule mmoja umezaa ukoo mzima, ikabidi tung'oe mashina matatu upate nafasi. Baba mdogo Laurenti alishika jembe, mzee yule. Akachimba kidogo akasimama. Akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote, "Mara ile nilikosea, akarudi. Leo nikosee wapi?"

Walimkalisha chini. Mimi nilimaliza kuchimba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujikata na jembe. Ungekuwepo ungesema ni muujiza wa pili wa nyumba hii.

Basi Julai hii. Nimepaka chokaa peke yangu, imenimwagikia viatu vyote, kwenye jina la Alfonsi kuna doa nene, nisamehe. Hakukuwa na mgeni rasmi. Misa ikaisha tukatoka, tukasimama. Nikafungua karatasi, kana kwamba siyajui. Alfonsi. Matayo. Pius.

Petro, nikasema.

Nilikuruka, Baba. Sikupanga. Mdomo ulifika pale ukakataa kama punda kwenye daraja. Niliogopa kulitaja jina lako nikasikia kile kimya nilichokitengeneza mwenyewe mwaka jana, safari hii cha kweli, kisicho na mtu anayeweza kukivunja.

Nikamsikia Mama Skolastika, hata hakupandisha sauti. "Mwalimu. Umemruka mtu."

Watu wote wakaniangalia. Mama aliangalia chini. Nikarudi nyuma. Nikasema Zakaria. Sauti yangu, ile inayosikika hadi darasa la saba, ilitoka kama ya mtu anayeomba maji.

Watoto walisubiri. Kuna waliokuwa bado wanasubiri kabisa, vichwa vimeinuka, kana kwamba safari hii pia utatokea barabarani na fimbo. Mikaratusi ilikuwa inavuma kidogo. Nilihesabu pumzi tatu. Kisha nikasoma Petro, na Yohana, na Ludoviki, sijui niliyasomaje.

Watu walipotawanyika nikabaki kukunja karatasi ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Mama Skolastika akaja, akajishikiza kwenye jiwe kwa mkono mmoja. Amezeeka sana mwaka huu. Akasema, "Mwanangu, unajua mimi nilikuwa nafuata nini hapa kila mwaka?"

Nikasema, "Jina la mzee wako."

"Jina la mume wangu nalijua, sihitaji kusomewa. Nilikuwa nafuata ile nipo ya baba yako." Akapigapiga jiwe kwa kiganja, pale kwenye jina lako, chokaa ikamganda. "Mtu wa hapa, anaitika. Mimi nasikia. Halafu wewe unasema Petro, na mimi nashika pumzi. Kila mwaka. Nilijua ni ujinga. Lakini kale kamuda, mwanangu, kati ya wewe kusema na kimya kuanza. Kale kalikuwa kangu."



"Mwaka jana Zakaria akanyamaza. Nikasema, basi, hata yeye amechoka kutudanganya. Hakuna wa kurudi. Nikaenda nikamwambia Laurenti akate mgomba. Nikamsimamia. Ukate juu, nikamwambia, usirudie upumbavu wako."

Baba, ningeweza kunyamaza. Nina kipaji hicho, umeona. Lakini nilikuwa nimeshakukosa Jumamosi moja, na mama wa watu alikuwa amesimama mbele yangu na chokaa mkononi. Nikamwambia. Hakunyamaza kwa kuchoka, mama. Mimi ndiye niliyemkataza. Kwa sababu ya mgeni. Kwa sababu ya soksi, karibu niseme.

Nilitamani anipige na ule mwavuli. Badala yake akasema polepole, "Kumbe hakunyamaza mwenyewe." Akarudia, kama anayejaribu kiatu. "Kumbe Zakaria hakunyamaza mwenyewe." Akalia, nami nikalia, watu wazima wawili tumeshikilia nguzo ya saruji, mbuzi wa katekista anakula majani ya mapambo nyuma yetu na hakuna wa kumfukuza. Kazi yako hiyo. Imebaki wazi.

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme. Alijifuta kwa ncha ya kitenge, akafungua mwavuli wake kwenye kivuli, akaanza kuondoka. Kisha akageuka.

"Ile migomba ya kwa Zakaria, bado ipo?"

"Ipo, mama. Imejaa."

"Niletee mche mmoja. Nitaupanda juu ya Petro."

Nikasema nitampelekea, nitamkatia mzuri, msafi.

"Usikate," akasema. "Ng'oa. Uje na mizizi yake."

Mwanamke wa umri ule, Baba. Ana miaka mingapi ya kungoja ndizi?

Nimeshauchagua. Ni ule ulioota upande wa kichwa chako, una majani manne. Mama amekubali, amesema nichimbe mbali na shina nisije nikaukata, kisha akasema afadhali Laurenti achimbe, ana uzoefu wa kukosea vizuri. Tutaupeleka mimi na yeye Jumamosi. Jumamosi hii haitanipita. Hata nikiamka na homa, hata shule ikiungua.

Nilitaka kukuomba msamaha mwanzoni mwa barua, nikaogopa, nikaomba wa doa la chokaa badala yake. Sasa karatasi inaisha. Nisamehe, Baba. Sijui huwa mnajibu vipi huko. Ikiwa ni kama marahaba yako, nitasubiri, si haraka, mimi nitakuwa mlangoni.

Lala salama na wenzako sita. Sasa hakuna atakayesema uliwakimbia.

Na Julai ijayo nitasoma mimi, wala sitamruka mtu. Nitasema Zakaria, kisha nitanyamaza kwa urefu wa lile neno lako moja, nilipimie nafasi yake kamili, Mama Skolastika alisikie.

Halafu nitasoma Petro.

Mwanao,
Deo